Kibali cha mchezaji wa kigeni kijulikane kabla fedha hazijatoka

Kwa kawaida safu hii huanza na kahawa na kumalizia na maharage, na wasomaji wetu wa Ndama, Kayanga na Omurushaka wanajua kwamba hatupendi kuondoka kwenye mizani. Wiki hii tunaomba radhi. Tunazungumzia bidhaa isiyofungwa kwenye gunia wala kupimwa unyevu, ambayo hata hivyo imekuwa ikivuta fedha nyingi na maneno mengi zaidi: mchezaji wa mpira kutoka nje ya nchi.

Tunalileta jambo hili hapa, badala ya kuliacha kwenye kurasa za michezo, kwa sababu mshabiki huuliza kama mchezaji anafunga mabao. Mfanyabiashara huanza na swali jingine. Mali hii nikishailipia, itaruhusiwa kuingia sokoni? Jibu lake halimo mikononi mwa kocha wala mwenyekiti wa klabu. Tangu ilipotungwa Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015, mwajiri anayemleta mgeni anahitaji kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi na kibali cha ukaazi kutoka Idara ya Uhamiaji. Juu ya hayo, mchezaji anahitaji leseni ya shirikisho la mpira, TFF, ambalo nalo lina kanuni yake ya idadi ya wageni kwa kila klabu. Ni milango mitatu, na kila mmoja una mlinzi wake na saa zake za kufunguliwa.

Miaka kadhaa iliyopita mwandishi wa safu hii alikuwa miongoni mwa wachangiaji wa timu moja ya mtaani iliyoingia mashindano ya ndondo. Tulikuwa watu 12, wengi wetu wauza maharage na wenye maduka, na kila mmoja alitoa Sh. 30,000. Tukamchukua kiungo kutoka ng'ambo ya Mto Kagera, upande wa Kikagati, kijana ambaye Kinyankole chake na Kinyambo chetu vinasikilizana bila mkalimani. Tukamlipia nauli, chakula na viatu vipya. Mazoezini watu walifunga maduka mapema kwenda kumtazama. Asubuhi ya mechi wapinzani wakapeleka malalamiko, na wasimamizi wakatuambia kwamba mgeni hachezi bila kibali. Tulipouliza ni kibali gani, na kinachukuliwa wapi, kila tuliyemwuliza alitaja ofisi tofauti na mwenzake. Kijana akakaa kwenye benchi la mbao akitafuna karanga, sisi tukafungwa mawili kwa bila.

Jioni ile mwendesha bodaboda mmoja, ambaye Sh. 30,000 kwake ni siku kadhaa za kuamka alfajiri, alinifuata dukani. Hakunipigia kelele. "Waitu mzee," alisema, "sheria mimi siikatai. Ila mngeniambia kabla sijatoa hela."

Hoja yetu ya wiki hii haizidi maneno ya kijana yule. Serikali ina haki ya kukataa. Kinachoumiza soko ni kukataa, au kuchelewa kukubali, kwa kipimo ambacho mnunuzi hakukijua wakati anafungua mkoba.

Tupige hesabu kidogo, kwa mfano wa kubuni. Tuchukulie klabu ya kati imemsajili mshambuliaji kwa miaka 2, ada ya kusaini Sh. milioni 20, mshahara Sh. milioni 4 kwa mwezi, na nyumba Sh. 400,000. Karatasi zikichelewa miezi 2, klabu imelipa Sh. milioni 8.8 za mshahara na nyumba. Ukiongeza sehemu ya ada ya kusaini inayoangukia miezi hiyo 2, hasara inakaribia Sh. milioni 10.5, na yote hayo kwa mtu anayetazama mechi akiwa jukwaani. Kila aliyewahi kuona Fuso lake la maharage limezuiwa kwenye geti la mazao huku bei ya Dar es Salaam ikiteremka anaijua hali hiyo. Tofauti ni kwamba maharage yanaweza kukaa. Msimu wa mpira haukai, na mguu wa mchezaji haukai.

Kuna wasomaji watakaosema haya ni matatizo ya matajiri wa Dar es Salaam. Tunawaomba watazame tena. Mwaka 2017 Simba ilimtangaza Mohammed Dewji kuwa mshindi wa zabuni ya hisa za klabu hiyo, na mpango ukawa mwekezaji achukue asilimia 49 kwa Sh. bilioni 20, wanachama wabaki na asilimia 51. Yanga nayo iliingia katika safari ya mabadiliko ya namna hiyo. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa haki za matangazo ya ligi wa miaka 10 wenye thamani ya Sh. bilioni 225.6. Mpira wa namna hii ni biashara yenye vitabu vya hesabu, na si ajabu siku moja mwanachama wa Ndama akaombwa kununua kipande chake. Akifungua vitabu hivyo ataona kwamba sehemu kubwa ya mali ni mikataba ya wachezaji, na kwamba mikataba yenye bei ni ya wageni.

Bei hiyo ni ya kweli. Mwaka 2021 Simba ilimuuza Luis Miquissone wa Msumbiji kwa Al Ahly ya Misri na Clatous Chama wa Zambia kwa RS Berkane ya Morocco. Mwaka 2023 Fiston Mayele wa Kongo aliondoka Yanga kwenda Pyramids ya Misri, na mwaka 2025 alikuwa na klabu hiyo ilipotwaa ubingwa wa Afrika. Biashara hiyo ina hasara zake pia: Emmanuel Okwi wa Uganda aliuzwa na Simba kwa Étoile du Sahel ya Tunisia mwaka 2013 kwa dola 300,000 za Marekani, na Simba ikabaki ikidai fedha hizo kwa miaka hadi shauri likafika FIFA. Lakini mkopaji mbaya tunamjua sisi sote, na namna ya kumdai inajulikana. Kibali kisichojulikana kitatoka lini hakina pa kudaiwa.

Swali la kipimo gani kitumike si letu peke yetu, na Afrika Mashariki imekwisha kulilipia huko Uingereza. Mapema mwaka 2010 Manchester City ilikuwa tayari kumnunua McDonald Mariga wa Kenya kutoka Parma ya Italia. Kanuni ya Waingereza wakati ule ilitaka nchi ya mchezaji iwe ndani ya nafasi 70 za juu katika orodha ya FIFA, na Kenya ilikuwa mbali huko chini. Kibali kikagoma. Waziri Mkuu wa Kenya wa wakati huo, Raila Odinga, akaingilia kati kumwombea, lakini saa za dirisha zilikuwa zinakwisha, na Mariga akaenda Inter Milan. Mei mwaka huo huo Inter ikatwaa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mbele ya Bayern Munich huku Mariga akiwa kikosini. Mtu aliyepungukiwa sifa za kufanya kazi Manchester alikuwa na sifa za kukaa kwenye kikosi cha bingwa wa Ulaya!

Mdogo wake, Victor Wanyama, alipitia njia ya uani. Celtic ya Scotland ilimchukua mwaka 2011 kwa fedha zilizoripotiwa kuwa chini ya pauni milioni moja, na mwaka 2013 ikamuuza kwa Southampton kwa pauni milioni 12.5. Kenya haikuwa imegeuka nguvu ya mpira kati ya mwaka 2010 na 2013. Kilichobadilika ni kwamba safari hii mtu mwenyewe alikuwa ameonekana akifanya kazi, na aliyemwonyesha ndiye aliyechukua faida.

Halafu akaja wa kwetu. Januari 2020 Aston Villa ilimtaka Mbwana Samatta kutoka Genk ya Ubelgiji. Kwa kanuni za wakati huo nchi ilitakiwa iwe ndani ya nafasi 50, na Tanzania ilikuwa nje hata ya 100. Njia iliyobaki ilikuwa ya jopo lililotazama mambo mengine: ada inayolipwa, mshahara, ligi anayotoka na mashindano aliyocheza. Samatta alikuwa ametoka kuifunga Liverpool katika uwanja wake wa Anfield katika Ligi ya Mabingwa miezi miwili nyuma. Kibali kikatoka, na Februari 1 akafunga katika mechi na Bournemouth, Mtanzania wa kwanza kufunga katika Ligi Kuu ya England.

Ukilinganisha Mariga na Samatta unaona kipimo kibaya na kipimo chenye nafuu. Mnunuzi anayelikataa gunia kwa kuwa limetoka Karagwe, bila kuchungulia punje, anajipunja mwenyewe, na wakulima wa Karagwe wameonana na wanunuzi wa namna hiyo mara nyingi. Tangu Januari 2021 Waingereza wanatumia alama: mechi za timu ya taifa, dakika alizocheza klabuni, ubora wa ligi anayotoka, mashindano ya bara. Zikifika 15, amepita. Kipimo hicho bado kinaipa ligi ya kwetu alama kidogo, na tunaweza kukilalamikia. Lakini wakala akiwa Lubumbashi au Dar es Salaam anaweza kuchukua kalamu akajua jibu kabla hajapanda ndege.

Kwa upande wetu hakuna kalamu ya namna hiyo. Sheria ya 2015 inamtaka mwajiri aonyeshe kwamba ametafuta Mtanzania mwenye ujuzi huo akamkosa, na pia awe na mpango wa kumrithisha mzawa kazi ile. Ni masharti ya busara kwa mhandisi wa kiwanda cha sukari, ambaye anaweza kumfundisha msaidizi wake kwa miaka 2 kisha akarudi kwao. Kwa mshambuliaji yanachekesha kidogo. Mayele angemrithisha nani kufunga mabao, na kwa ratiba ipi? Ofisa anayepokea ombi la namna hii analazimika ama kulipitisha kwa kufumba macho, ama kulikalia. Yote mawili ni mabaya kwa soko.

Hata hivyo ndani ya sharti hilo kuna jambo la maana ambalo tungependa lichukuliwe kwa uzito. Swali kwamba Mtanzania yupo au hayupo haliwezi kujibiwa kwa neno "mchezaji", kama ambavyo huwezi kuuliza kama kuna uhaba wa "mazao". Lazima uulize nafasi. Yanga ilimleta mlinda mlango Djigui Diarra kutoka Mali mwaka 2021. Simba ikamleta Ayoub Lakred wa Morocco mwaka 2023 na Moussa Camara wa Guinea mwaka 2024. Langoni husimama mtu mmoja tu. Klabu mbili kubwa zikiweka wageni pale, kijana wa Kitanzania anayetaka kuwa mlinda mlango wa taifa anabakiwa na milango michache ya kujifunzia. Kwa mawinga hali ni tofauti. Kibali kinachoangalia nafasi kingeweza kuwa kigumu kwa walinda milango na chepesi kwingine, na kila klabu ingejua hivyo miezi kabla ya usajili.

Badala yake tumetegemea namba moja kwa wote. Mwaka 2015 idadi ya wageni ilipandishwa kutoka 5 hadi 7, mwaka 2018 ikawa 10, na baadaye 12. Kila ilipopanda palikuwa na kilio kwamba vijana wetu wanauawa kisoka. Tukumbushane kwamba katika miaka ya wageni wachache Taifa Stars ilikaa bila fainali za Mataifa ya Afrika tangu 1980 hadi 2019, na baada ya hapo imefuzu tena kwa fainali za 2023 na 2025. Hatusemi wageni ndio waliotupeleka. Tunasema tu kwamba kuwafungia nje hakukutupeleka popote kwa miaka 39.

Na namba moja kwa wote huzaa njia za panya. Wasomaji wa safu hii hawahitaji somo hapa. Kila bei ya kahawa ya huku ilipokuwa chini kuliko ya Uganda, kahawa ilivuka mto usiku, na hakuna mgambo aliyeweza kuhesabu baiskeli zote. Januari 2025 Idara ya Uhamiaji ilithibitisha kwamba wachezaji watatu wa Singida Black Stars, Emmanuel Keyekeh wa Ghana, Josephat Bada wa Ivory Coast na Mohamed Damaro Camara wa Guinea, wamepewa uraia wa Tanzania. Sheria ya Uraia ya 1995, katika masharti yake ya kawaida, inataka mwombaji awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na jumla ya miaka 7 ndani ya miaka 10 iliyotangulia. Mjadala uliofuata ulikuwa mkali, na wengi waliuliza ni lini watatu hao walitimiza miaka hiyo. Sisi hatuwahukumu, waliomba na wakapewa na wenye mamlaka. Kwa macho ya soko, mtu akiwa raia hahesabiwi tena katika wale 12, kwa hiyo uraia umekuwa na bei ya usajili ndani yake. Uraia ukishakuwa na bei, klabu yenye wanasheria wazuri itaununua na klabu isiyo nao itautazama. Hatukumbuki soko lolote lililonufaika kwa utaratibu huo.

Klabu isiyo na wanasheria ndiyo inayotugusa sisi wa mkoa huu. Msimu wa 2024/25 ulipokwisha Kagera Sugar ilishuka daraja baada ya miaka mingi katika Ligi Kuu. Waliokuwa wakipeleka ndizi na nyama Bukoba siku za Simba na Yanga pale Kaitaba, na wenye nyumba za kulala wageni, wanajua siku hizo zilikuwa na thamani gani. Timu ya mpakani haina fedha za kumfuata mlinda mlango Bamako. Utajiri wake ni ujirani. Mbarara iko karibu na sisi kuliko Mwanza, na kijana mzuri wa huko anaweza kuonwa, kujaribiwa na kurudishwa kwao kwa gharama ya pikipiki na daladala. Lakini katika kanuni ya idadi Mganda ni mgeni sawasawa na Mbrazili, na kwenye karatasi za kibali njia yake haijawa fupi kiasi hicho.

Itakumbukwa kwamba nchi za Afrika Mashariki zilisaini Itifaki ya Soko la Pamoja Novemba 2009, ikaanza kutumika Julai 2010. Kanuni zake za wafanyakazi zinasema mwenye mkataba wa zaidi ya siku 90 aombe kibali ndani ya siku 15, na mamlaka ikitoe ndani ya siku 30. Kila nchi, hata hivyo, iliorodhesha kazi ilizokuwa tayari kuzifungua, na wachezaji hawakuwa kwenye fikra za waandishi wa orodha hizo. Na hata siku 30 zenyewe, ukizilinganisha na dirisha dogo la usajili la katikati ya msimu, zinakaribia kulimeza lote.

Pendekezo letu ni dogo kuliko kelele tulizopiga. Ofisi ya Kamishna wa Kazi, Uhamiaji na TFF wakae pamoja kabla ya kila msimu, watoe karatasi moja yenye alama: dakika alizocheza mchezaji katika msimu uliopita, ligi aliyotoka, timu ya taifa, nafasi yake uwanjani, na nafuu ya wazi kwa anayetoka ndani ya Jumuiya. Ombi liende dirisha moja, lijibiwe kabla dirisha la usajili halijafungwa, na likikataliwa sababu iandikwe. Kibali kimfuate mchezaji kwa urahisi anapopelekwa kwa mkopo klabu nyingine, maana kwa sasa humfunga kwa mwajiri mmoja, na klabu ndogo inayopewa mchezaji wa bure na klabu kubwa hujikuta inaanza safari ya karatasi upya. Idadi inaweza kubaki 12 au kushuka hadi 8. Hilo tunaweza kuishi nalo, mradi tulijue mapema.

Wapo watakaotujibu kwamba alama zikitangazwa, mawakala watazichezea: watapika dakika, watatengeneza mechi za timu ya taifa. Ni kweli, watajaribu. Hata kwenye kahawa wapo wanaoweka mawe katikati ya gunia. Dawa yake imekuwa kumwaga gunia chini mbele ya mwenye mali, na siku hizi kila mechi ya maana ina picha na kumbukumbu.

Wachangiaji wa timu yetu ya ndondo hawakurudishiwa fedha zao. Kijana wa Kikagati alivuka daraja la Murongo Jumatatu yake akarudi kwao, na viatu tulivyomnunulia alituachia, akisema havikuwa vyake kwa kuwa hakuvichezea mechi. Vilikaa dukani kwangu karibu mwaka mzima kabla sijapata mtu wa kumtosha.

Wiki ijayo safu hii inarejea kwenye maharage na hali ya barabara ya Murongo.